Jicho la Naushad

Flemingdon Park,
Toronto.

Kwako dada yangu mpendwa Jemimah,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi, nikitumaini kwamba wewe, shemeji na watoto mnaendelea vyema, na kwamba lile goti lako limekubali dawa. Majani ya chai yanasemaje msimu huu? Nimesikia mvua imewakumbuka Nyamira, nikafurahi kana kwamba imeninyeshea mimi. Ukiniuliza hali yangu, mwili ni mzima. Mengine nakuomba uyasome polepole, tena ukiwa peke yako.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Nimempa Mutuma, mwenzangu wa kanisani anayekuja huko kumwona babake, naye ameahidi kukupa mkononi. Nisamehe kusema, dada, lakini simu yako ni ya ukoo mzima. Ujumbe ukiingia husomwa na aliye karibu, na nikipiga unaweka sauti juu hadi jirani anajibu salamu zangu. Hili si jambo la kusikika hivyo, na Mama anarudi kwenu Alhamisi ijayo. Nataka ulijue kabla hajashuka kwenye ndege.

Unaukumbuka ule mchezo wangu ambao hujawahi kuacha kuucheka, wa mtu mzima kulala kifudifudi nyasini na kupiga kwa bunduki karatasi iliyo mbali hata haionekani kwa macho matupu. Ulisema bidii hiyo ningeipeleka kwenye kutafuta mke sasa ungekuwa na wifi watatu. Sikukasirika. Ni mchezo wa watu wenye subira, na mimi ninayeshinda ndani ya mashimo ya lifti nikitengeneza nyaya nilipenda kulala mahali penye anga. Sabato sikuigusa, nilikwenda Jumapili tu. Huko ndiko nilikomkuta Naushad. Nilisikia mtu akiulaumu upepo kwa Kiswahili safi, nikageuka nikitarajia kumwona Mwafrika mwenzetu, kumbe ni Mhindi wa Mwanza mwenye miwani, mfamasia, ana duka lake la dawa huku mtaani kwetu. Tangu siku hiyo hatukuachana. Mkewe, Almina, alizoea kuniwekea sahani bila kuuliza kama ninakuja.

Risasi za dukani hazitoshi kwa mchezo huu. Hutoka kiwandani zikiwa na tofauti ndogo ndogo, na kwa umbali wa kilomita tofauti ndogo inakuwa hatua nzima pembeni mwa shabaha. Kwa hiyo tulitengeneza zetu wenyewe. Maganda ya shaba yaliyokwisha pigwa tuliyaokota, tukayasafisha, tukayakata yalingane urefu. Chini ya ganda tulitia fataki inayowasha, ndani tukamimina baruti iliyopimwa punje kwa punje, juu tukakandamiza kichwa cha risasi. Tulianza na kipimo cha chini kabisa, tukapanda kidogo kidogo, na kila tulipopanda tulikagua kitako cha ganda na ugumu wa kulifungua komeo la bunduki, tuone kama kuna dalili ya nguvu kuzidi. Zikionekana, tunarudi nyuma. Naushad alisema ni kama kumpa mgonjwa dawa, huanzi na chupa nzima. Tulitumia mwaka kukipata kipimo chetu, na tulipokipata tulipiga matundu yanayoweza kufunikwa na kifuniko cha sufuria, karatasi ikiwa ng'ambo ya bonde. Siku ile tulikumbatiana kama watu waliopata mtoto.

Tulikuwa na sheria za meza, na Naushad alizishika kama mtu wa dini. Mkebe mmoja tu wa baruti mezani. Anayemimina asome jina kwa sauti, mwenzake arudie. Baruti iliyobaki kwenye kipimio, kile chombo cha glasi cha kumiminia, irudi kwenye mkebe wake kabla hujainuka kwenye kiti. Na baruti usiyoijua asili yake ni ya kumwagwa kwenye nyasi, hata ikiwa nyingi kiasi gani. Kwangu kulikuwa na aina mbili. Moja huungua polepole, ndiyo ya masafa marefu. Nyingine huungua upesi sana, tuliitia kidogo tu kwa risasi dhaifu za kuwafundishia wageni wa klabu. Ukizitazama zote ni vipande vyeusi vidogo, kama majani makavu ya chai. Ukizichanganya, bunduki haiwezi kuhimili.

Mama alipokuja nilimpa chumba changu, nami nikahamia kwenye kochi. Bunduki nilizihamishia kwa Naushad, baruti nikaifungia kabatini, lakini meza ya kazi ilibaki mle chumbani kwa sababu haikupita mlangoni. Mama unamjua. Kukaa bure kwake ni ugonjwa. Baridi ilipomfungia ndani alipanga vyombo vyangu, akafua mapazia, akanipigia pasi hata soksi. Naushad alikuja kumwamkia na Mama akashangaa kumpata Mhindi anayemshinda Kiswahili, akawa anamwita mwanangu. Alimpikia chinsaga ile kavu uliyomfungia, na Naushad, ambaye uchungu wa mboga ile ulimtoa machozi, akaomba aongezwe. Wakaanza kupigiana simu bila kupitia kwangu. Niliona wivu kidogo, nakiri, lakini ulikuwa wivu mtamu.

Jumapili ya mashindano makubwa ya klabu yetu, Naushad alilala mbele na mimi nikakaa nyuma yake na darubini nikimsomea upepo. Risasi za kwanza zilikwenda mahali pake. Halafu bunduki ikapasuka. Sitakueleza sauti ile. Komeo lilifumuka na moto ukarudi nyuma usoni mwake pamoja na vipande vya shaba. Miwani ya kinga iliokoa jicho la kushoto. La kulia madaktari walihangaika nalo, kisha wakatuita kwenye chumba kidogo na kutuambia kwamba limekwisha. Almina alinishika mkono, dada. Alinishika mkono mimi.

Wakaguzi wa klabu walizifungua risasi zilizosalia, wakakuta baruti mbili zimechanganyika, katika risasi nyingine ile ya upesi ikiwa nyingi, katika nyingine kidogo. Ndiyo maana za kwanza zilipita salama. Na hapo ndipo Naushad alipojihukumu. Siku tulipozitengeneza, mkebe ulipokuwa unaelekea kuisha, yeye ndiye aliyekwenda kabatini kuleta mwingine, na wakati huo alikuwa akicheka na Mama aliyekuwa akimsimulia mambo ya utoto wangu. Hakumbuki kusoma jina kwa sauti. Mimi pia sikumbuki kurudia. Akaamini alichukua mkebe usio wenyewe, akamimina, akaurudisha. Mimi nikaamini hivyo hivyo, nikamwonea huruma, nikamwambia hata mimi ingeweza kunitokea.

Sikujua huruma yangu ilikuwa inamla. Alipotoka hospitali alijaribu kurudi dukani. Almina aliniambia kwamba alihesabu vidonge vya mzee mmoja, akavimwaga, akahesabu upya, akavimwaga tena, hadi watu kwenye foleni wakaanza kunung'unika, naye akavua koti jeupe akaenda nyumbani. Alisema mkono uliokosea baruti utakosea dawa, na siku moja utaua mtoto wa mtu. Akaanza kutafuta wa kumwachia duka. Duka lile, Jemimah, ni maisha yake yote.

Sasa nifike ninapoogopa kufika.

Siku chache baada ya ajali nilikuwa nimekaa jikoni nimeinamisha kichwa, na Mama akawa ananifariji. Akasema nisijilaumu, maana vitu vyangu nilivitunza vizuri, na yeye pia alivitunza. Akaniambia kwamba asubuhi ile ya matengenezo, nilipoitwa ghafla kazini kwa lifti iliyokwama na watu ndani, aliingia akakuta nimeacha kile chombo changu cha glasi kikiwa na vijani vyeusi ndani. Akavirudisha mkebeni visipotee, akapangusa chombo kikang'aa. Alisema kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa. Maisha yake yote amechuma chai, hajawahi kuacha hata konzi moja imwagike.

Asubuhi ile nilikuwa natengeneza zile risasi dhaifu. Mkebe wa baruti ya upesi nilikwisha kuufungia kabatini, na wa polepole nikauweka mezani kumngoja Naushad, lakini kipimio sikukimwaga kwa sababu simu ililia. Mama aliona mkebe mmoja tu, akamimina humo. Sheria yetu ya mkebe mmoja ndiyo iliyomponza. Niliporudi nikakuta kipimio kinang'aa, nikadhani mikono yangu ilikimwaga kwa mazoea. Sikumuuliza mtu. Jemimah, mimi sijawahi kung'arisha kitu katika maisha yangu, unalijua hilo, na sikuuliza.

Kwa hiyo Mama yetu ndiye aliyelitoa jicho la Naushad, na hajui. Na mimi nilijua nikanyamaza. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya presha yake. Nilijiambia akijua atakufa huku ugenini, tena mikononi mwangu. Kila siku nilimpeleka kwa Naushad na birika la uji wa wimbi, nikakaa nikimtazama Mama akimnywesha, na Naushad akiomba radhi kwa kumtia mashaka. Alikuwa anatuomba radhi sisi. Nilikuwa nikitoka nje naenda kusimama kwenye ngazi, nauma mkono wa koti langu nisisikike.

Habari ya duka ndiyo iliyonivunja. Wiki iliyopita nilimfuata Naushad chumbani kwake, Mama na Almina wakiwa jikoni, nikafunga mlango. Nikamwambia kosa halikuwa la mkono wake, kwamba mimi ndiye niliyerudisha baruti iliyobaki kwenye mkebe usio wake. Nilikuwa nimeupanga uwongo huo vizuri, ulikuwa unatosha kumwokoa yeye na kumficha Mama. Akanitazama kwa jicho lake moja. Akasema ananifahamu, mimi ni mtu wa kuacha kitu mezani, siyo mtu wa kukirudisha. Akauliza nani mwingine alikuwa nyumbani asubuhi ile. Macho yangu yakakimbilia mlango, upande wa sauti ya Mama. Akauliza nimelijua lini. Hilo nikamjibu kweli, kwa sababu sikuwa na nguvu ya uwongo wa pili.

Mara Mama akaingia na kikombe. Akaketi kitandani kama kawaida yake, akaupuliza uji, akampelekea kijiko mdomoni. Naushad alimtazama Mama, akatazama ile mikono yake, halafu akafungua mdomo akanywa. Akamaliza kikombe chote, akasema, "Asante Mama, Mungu akuweke." Mama akamfuta kidevu kwa ncha ya leso na kurudi jikoni akiimba wimbo wa kanisani.

Nikainuka nimshike mkono Naushad, akaurudisha mkono wake chini ya blanketi. Akaniambia kwa upole, na afadhali angepiga kelele:

"Mama hakujua, Elkana. Wewe ulijua, ukaniacha niuogope mkono wangu mwenyewe."

Tangu hapo hapokei simu yangu. Almina alinifungulia mlango mara moja, akaniambia amelala, na nyuma yake nikamsikia akizungumza. Sina la kujitetea. Ningeweza kumwambia ukweli siku ile ile, akailaani bahati, akalia, akarudi dukani kwake. Nilichagua nani aumie, nikachagua asiye wa damu yangu. Sasa nakaa kwenye kochi naitazama meza ile, sili, silali, na kazini nimeshasahau mara mbili kuzima umeme kabla ya kuingia kwenye shimo la lifti. Msimamizi amenirudisha nyumbani. Sijui nitageukia wapi, dada yangu. Ndiyo maana nimekuandikia.

Nakuomba mambo mawili. Mama akianza kuwasimulia jinsi alivyonitunzia nyumba, na atasimulia, mwache asimulie, na akifika kwenye meza ile badilisha mazungumzo bila kumtazama. La pili ni gumu zaidi. Naushad bado humpigia Mama kila jioni. Anamwita, wanacheka, anamwambia jeraha linakauka, na jana alimwambia kwamba amefungua tena duka na amehudumia watu siku nzima bila kuhesabu mara mbili. Mimi hujifanya napanga vyombo ili nisikie. Nikitaka kujua hali ya rafiki yangu, humuuliza Mama. Alhamisi ataondoka, na hapa hapatakuwa na mtu wa kumuuliza. Simu za Naushad zitaanza kuingia huko kwenu. Basi zikiingia, weka sauti juu kama desturi yako, kisha unipigie uniambie amesemaje.

Wasalimie shemeji na watoto, na Mungu awalinde wote hapo nyumbani. Mpokee Mama kwa nguo nzito, ameanza kukohoa. Kwenye sanduku lake mtakuta shali ya kijani ambayo Almina na Naushad wamemnunulia. Msimuulize ni ya nini, atawaambia ni ya upendo, na ni kweli.

Ni mimi ndugu yako,

Elkana Mogaka