Kipoza oili cha injini iliyonoki

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia banda, nimepanga spana, nimeandika joto la oili. Limepanda tena. Dakika kumi na mbili tu za kuunguruma palepale chini, mshale uko kwenye nyekundu. Ndege anayoiunda baba mdogo ina mabawa, ina viti viwili, haina kipoza oili cha maana. Eti ikishapaa upepo utaipoza. Nimechoka na huo upepo.

Jumanne, 4 Machi
Kiwalani, kwa muuza spea za mtumba. Vipoza viwili, kama rejeta ndogo. Kimoja kimezibwa kwa gundi ya chuma. Kingine kizuri, baba mdogo akakipenda papo hapo. Muuzaji: "Beba, mzee. Gari lake halikugongwa, injini ndo ilinoki tu."

Ilinoki tu! Injini ikinoki vyuma vinasagana, chenga zinakwenda na oili, zinajificha ndani ya kipoza. Nilijua. Nikasema nini? Shikamoo. Basi. Najichukia.

Alhamisi, 6 Machi
Kimefungwa kwenye injini. Joto limeshuka. Baba mdogo anapiga mluzi. Jumapili anaruka. Nimemwambia mama. "Mwambie mwenyewe, mie najua ndege?"

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaribu mara tatu. Kwanza alikuwa kwenye simu. Ya pili sauti haikutoka. Ya tatu nikamuuliza kama anataka chai. Chai!

Jumamosi, 8 Machi
Nimekifungua bila ruhusa. Nikamimina petroli, nikatikisa, nikachuja kwa kitambaa cheupe. Chenga zinameta. Nikaosha tena, zikatoka tena. Mara ya tano, bado. Baba mdogo akanikuta. "We Rehema! Nani kakutuma?" Nikamnyooshea kitambaa. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Ilinoki, baba. Muuzaji alisema mwenyewe."
Akatoka na kitambaa.

Jumapili, 9 Machi
Hakuruka. Asubuhi yote alikuwa bandani peke yake. Mchana akaniita. Kipoza amekitoboa kwa tindo, asije mtu akakifunga tena. Filta ya oili ameikata kwa msumeno: chenga tatu. Injini itafunguliwa yote. Kipoza kitaagizwa kipya, miezi labda.

Kisha akauliza, bila kunitazama: "Na mipira inayopitisha oili, unaionaje?"

Nikamwambia.