Faili la Uhamisho Lililotoa Siri za Wagonjwa

KITUO CHA POLISI KATESH, WILAYA YA HANANG
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hilaria Komba. Umri: miaka 34. Kazi: karani wa takwimu, kituo cha afya. Makazi: Katesh.

Mimi ndiye ninayetunza kwenye kompyuta taarifa za wagonjwa wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kwetu ni Songea. Mama yangu anaumwa, na nilikuwa nimeomba uhamisho nikamuuguze.

Mnamo tarehe 14 Agosti 2018, asubuhi, iliingia barua pepe yenye kichwa "Waliokubaliwa Uhamisho". Sikumfahamu aliyeituma. Nilifungua faili lililoambatanishwa nikitafuta jina langu. Lilikuwa ukurasa mtupu. Kompyuta iliganda kidogo, ikaendelea. Niliifuta barua ile.

Wiki iliyofuata wagonjwa walianza kupata ujumbe wa simu kwamba wasipotuma pesa watatangazwa kuwa wana virusi. Octavian, fundi wa kompyuta, aliitwa kukagua. Aliniuliza kama nimefungua faili la mtu nisiyemjua. Nilisema hapana. Ikashukiwa Rahel, mhudumu wa usafi, kwa kuwa ana ufunguo wa chumba cha kompyuta. Alisimamishwa kazi nikiwepo. Niliendelea kuingiza takwimu zangu.

Mgonjwa mmoja, mfugaji wa kijiji cha Gendabi, ndugu zake walitumiwa ujumbe kwamba ana virusi, akaacha kuja kuchukua dawa. Jina lake naomba lisiandikwe hapa. Nilimpelekea nyumbani. Nilimwamkia shikamoo, hakuitikia. Alisema, "Mliniambia ni siri. Niliwaamini ninyi kuliko ndugu zangu. Sasa wananitengea kikombe." Dawa alizipokea mke wake.

Nilirudi moja kwa moja kwa Octavian, nikamweleza ukweli. Alilipata faili lile ndani ya kompyuta, ingawa barua nilikuwa nimeifuta. Alisema programu yetu ya kusomea nyaraka ilikuwa ya zamani, ina kasoro, na faili lilitengenezwa lipenye hapo. Kulifungua tu kulitosha kuingiza programu nyingine iliyoiba taarifa kimyakimya. Alinipa moyo kwamba wengi hudanganywa hivyo. Lakini kuhusu Rahel, mimi sikudanganywa na mtu.

Rahel amerudishwa kazini. Nilimwomba msamaha mbele ya wenzetu. Alisema, "Nimesikia," akachukua ndoo yake akaendelea kupiga deki.

Haya nimeyatoa kwa hiari yangu, na sijabakiza ninalolificha.

Sahihi: H. Komba

Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekiri ni sahihi. Jina la mgonjwa halikuandikwa kwa ombi la shahidi. Kabla ya kutia sahihi aliomba nisilifute neno "hapana" alilomjibu fundi.
WP Koplo Verdiana