Ngozi Nne za Mwezi wa Saba

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimemaliza kukuna ngozi ya kondoo wa kipaimara, ile ya kwa Mama Elia. Mafuta mengi mno. Mnyama alilishwa vizuri, ila waliomchuna walikuwa wameshakunywa pombe ya mbege. Matundu mawili mgongoni. Nimeyashona. Mgongo wangu nao unauma. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, kwa hiyo hakuna kuwamba chochote leo.

Shabu ya kutengenezea ngozi imeisha. Kesho nishuke Moshi. Chumvi nayo.

Jioni niliwakatia majani kondoo wangu watano. Mmoja wao, Mchungaji, alikohoa kwanza ndipo akalia, kama mhubiri, kawaida yake, ndiyo maana nilimpa jina hilo. Nikacheka. Halafu nikajisikia ninavyocheka peke yangu, nikaacha.

Jumanne, 2 Julai

Nilirudi kutoka Moshi alasiri. Nikakuta watu uani. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Elia, na Mzee Barnaba, jirani wa upande wa mfereji. Mzee Barnaba alikuwa amevua kofia. Nikajua kuna msiba. Nikafikiri ni mtu.

Ni kondoo wangu. Mbwa wake wawili walibomoa uzio wa nyuma. Bi Harusi, Malaika, Kahawa na Mchungaji. Wanne. Amebaki Tulia tu, ameng'atwa paja. Nilimkuta jikoni amejibanza nyuma ya kuni, anatetemeka.

Mama Elia akasema nyama isitupwe, bado ni ya moto. Nikasema haitaliwa. Balozi hakubisha. Akachukua jembe langu akaenda kuchimba shimo chini ya migomba.

Nikawachuna mwenyewe. Wale wale niliowapa majina. Ningeacha hadi asubuhi ngozi zingeoza, na ningebaki bila kitu chochote chao. Nilianza na Mchungaji kwa sababu ndiye mgumu. Kwa Malaika nilisimama. Alikuwa na joto bado kwapani. Nikaendelea.

Watu waliondoka mmoja mmoja. Chumvi niliyonunua ni ya ngozi moja na kidogo. Nimeigawa kwa zote nne. Haitoshi. Najua haitoshi.

Jumatano, 3 Julai

Asubuhi nimekuta gunia la chumvi ya ng'ombe limeegemezwa kwenye masale, mimea ya ua wetu pale mpakani. Hakuna mtu. Gunia ni la Mzee Barnaba, nalijua kwa kiraka chake.

Sikutaka kuligusa. Nilikunywa chai nikiliangalia. Kisha nikalikokota hadi bandani. Chumvi haina kosa.

Mchana balozi alituketisha. Mzee Barnaba ni mtu mzima sana, mkewe alifariki zamani kabla hata mume wangu hajarudi nyumbani kutoka kazini Moshi. Watoto wake wako Kenya, hawaji. Hao mbwa ndio waliokuwa nyumba yake. Aliinuka akasema, "Mama Ndeshi, sina maneno. Nimekuja na huu uso tu."

Balozi akasema mbwa akishaonja damu ya kondoo haachi. Akaniuliza ninataka nini.

"Wafe," nikasema.

Mzee akasema, "Naomba nifanye mwenyewe. Wasipigwe mawe na watu." Hakuna aliyekataa.

Alipoondoka alinipa mkono. Sikumwamkia shikamoo. Tangu niolewe hapa sijawahi kumpita yule mzee bila shikamoo.

Alhamisi, 4 Julai

Manyoya ya tumbo la Bi Harusi yananyofoka. Ukivuta kidogo yanabaki vidoleni. Pale ndipo chumvi ilipungua siku ya kwanza. Nimekata kipande chote kilichooza. Alikuwa na sufu nzuri kuliko wote.

Sikulia. Nina hasira na kila kitu, hata na kisu.

Jumamosi, 6 Julai

Asubuhi Mzee Barnaba amepita njia ya bondeni na mbwa wake wawili. Kamba moja, mbwa wawili. Walikuwa wanarukaruka, wanafikiri ni matembezi. Nilikuwa nakuna ngozi ya Kahawa kwenye gogo. Sikuinua kichwa. Lakini niliona.

Amerudi na kamba mkononi.

Nilidhani nitafurahi. Sijafurahi. Nimekuna hadi nikatoboa ngozi.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani. Wanawake wakanipa pole baada ya ibada, kisha wakasogea kidogo. Mikono yangu inanuka mafuta ya kondoo hata nikiisugua kwa majivu na ndimu. Mume wangu alikuwa ananuka hivi hivi miaka yote aliyofanya kazi kiwanda cha ngozi pale Moshi. Nilikuwa namtania. Kiwanda kilipofungwa alirudi na kisu chake cha kukunia na ufundi wake, hicho ndicho kiinua mgongo nilichokiona mimi. Kondoo hawa wa sufu aliwanunua wakati shamba la serikali lilipouza mifugo yake, upande ule wa magharibi wa mlima. Tulikuwa wawili katika kazi hii. Mwaka juzi nikabaki mmoja.

Godi, mwanangu wa kiume, yuko Mwanza. Hajafika tangu tulipozika.

Nimechemsha ndizi nyingi mno. Nasahau kila mara kupunguza.

Jumatatu, 8 Julai

Nimefua ngozi zote. Maji ya vuguvugu, sabuni, suuza, rudia. Maji ya kwanza yalikuwa mekundu, ya pili ya kahawia, ya mwisho meupe. Sufu ya Malaika imejaa vishona nguo. Nimevitoa kimoja kimoja. Alipenda kupenya vichakani, hakuna uzio uliomtosha.

Zikishafuliwa zinakuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniumiza. Ni nzuri.

Sasa ziko kwenye pipa, shabu na chumvi. Kugeuza kila siku asubuhi na jioni kwa mti. Zinakuwa nzito kama mtu aliyelala. Tulia anakula kidogo. Kidonda cha paja hakinuki, namshukuru Ruwa, Mungu wetu. Lakini hatoki zizini. Ukifungua mlango anarudi nyuma.

Jumamosi, 13 Julai

Ndeshi amekuja kutoka Dar. Binti yangu. Amesikia habari kwa watu wa basi. Amenikuta nimeingiza mikono pipani hadi viwiko.

Alikaa kwenye kigoda. Kisha akasema, "Mama, unafanyia nini haya? Kwa ajili ya nani?"

Nikamwambia watu wa hoteli huwa wananunua.

"Siulizi wanunuzi. Nauliza wewe." Halafu akayasema yote. Kwamba ana chumba. Kwamba mtoto wake anamhitaji bibi kuliko yaya. Kwamba kahawa ya shambani haina maana tena, majirani wanang'oa. Kwamba kondoo walikuwa ndio kisingizio changu, na sasa kondoo hawapo.

"Tulia yupo," nikasema.

"Mama! Kondoo mmoja?"

Nimempikia kiburu, ndizi na maharage. Alikula kama zamani, akikwangua chungu. Tukacheka kidogo. Nilifurahi kusikia mtu mwingine akipumua chumba cha pili.

Jumapili, 14 Julai

Ameondoka na basi la asubuhi. Amekasirika, anajaribu kuficha. Ameniachia nauli ya kwenda Dar ndani ya kopo la sukari. Alisema mwisho wa mwezi nimpe jibu.

Nyumba ni kubwa tena. Nakaribia kukubali. Niandike ukweli: nakaribia sana. Hapa ninaweza kukaa toka Jumatatu hadi Jumamosi bila mtu kuniita jina.

Kitu kingine. Alfajiri ni kimya. Zamani mbwa wa Mzee Barnaba walibweka akitoka kuwasha moto, nami nikiwalaani ndiyo nilikuwa naamka. Sasa nachelewa kuamka.

Jumatano, 17 Julai

Nimezitoa ngozi pipani. Nikikunja kona na kubana, mstari unabaki mweupe. Zimeiva. Nimezipaka mafuta upande wa nyama, nikaziwamba kwenye fremu za mbao uani, kwenye kivuli, maana jua kali huzikausha zikawa kama bati.

Nilikuwa nafunga kamba ya mwisho mvua ikaanza. Siyo ukungu, mvua. Fremu zile alizitengeneza marehemu kwa watu wawili kubeba. Nikakamata moja nikaanza kuikokota. Ikanielemea, nikaanguka nayo kwenye tope, sufu chini. Ile ya Mchungaji.

Hapo nililia. Nililia kwa sauti, nikiwa nimekaa kwenye tope kama mtoto.

Mzee Barnaba akapenya kwenye masale. Hakusema pole. Akashika upande wa pili wa fremu, akasema, "Inuka tubebe." Nikainuka. Tukabeba. Tukarudi tukabeba nyingine, hadi zote zikaingia bandani. Yule mzee anatetemeka mikono lakini hakuangusha.

Mwishoni tulisimama tumelowa wote. Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu. Akavuka kurudi kwake.

Jumamosi, 20 Julai

Ngozi ya Mchungaji imebidi ioshwe upya. Haikuharibika. Nyingine tatu ziko nusu kavu, ndio wakati wa kuzilainisha. Ukisubiri zikauke kabisa umechelewa.

Nazivuta juu ya ukingo wa ubao, huku na huku, hadi ngozi ibadilike rangi na kulegea. Ni kazi ya mabega. Mzee Barnaba alikuja asubuhi akasimama mlangoni mwa banda. Nikampa ncha ya ngozi ya Kahawa. Tumevuta mimi huku yeye kule, kama watu wanaokunja shuka.

Katikati ya kazi akaanza kusema, bila kuniangalia. Kwamba wale mbwa walizaliwa jikoni kwake. Kwamba kule bondeni mmoja alikaa chini mwenyewe alipoambiwa kaa. Tukavuta.

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyesema wafe. Analijua hilo. Nikamwambia nilivyomkuta Malaika akiwa na joto kwapani. Akaacha kuvuta. Akatikisa kichwa. Tukaendelea.

Sijamsamehe, nadhani. Wala sijui kama yeye amenisamehe mimi. Lakini ngozi ya Kahawa imelainika.

Jumatano, 24 Julai

Ngozi zote nne zimekwisha. Nimezikung'uta vumbi, nimezichana kwa kitana cha chuma. Bi Harusi ni fupi kwa ile sehemu niliyokata. Matundu ya meno nimeyashona kwa ndani, hayaonekani mpaka upitishe mkono.

Nikachukua ya Kahawa nikampelekea Mzee Barnaba. Sijawahi kuingia ndani kwake tangu mkewe azikwe. Kitanda cha kamba, blanketi moja. Baridi ile ile ya kwangu. Nikamwambia atandike, imsaidie mgongo.

Akaishika. Akapitisha mkono kwenye sufu, taratibu, hadi akafika palipo na mishono. Akanirudishia.

"Mama Ndeshi, nikiilalia hii, usingizi nitaupata wapi?"

Nikasimama nayo. Nikaona aibu, sijui ya nini. Nikamuuliza basi anahitaji nini, maana siwezi kurudi hivi hivi.

Akasema, "Asubuhi ukiamka, piga kelele kidogo. Gonga hata sufuria. Nijue upande ule kuna mtu."

Nilitaka kucheka. Alikuwa hatanii.

Ijumaa, 26 Julai

Sijagonga. Jana wala leo. Nimeona ni utoto. Mtu mzima kugonga sufuria alfajiri, Mama Elia akisikia atasema nimerukwa akili.

Nimempelekea mtu wa hoteli ile ngozi ya kipaimara, nayo imekwisha. Akauliza kama nina nyingine. Nikasema sina.

Za kwangu nimezitandika. Mbili kitandani, moja kwenye kiti cha marehemu, moja nimeikunja kwa ajili ya mtoto wa Ndeshi.

Jumapili, 28 Julai

Nimemwandikia Ndeshi. Nimemwambia waje wao Desemba, wote, na Godi atafutwe aje. Nauli yake nitamrudishia akija. Mimi bado nipo nipo kidogo.

Leo niliamka bado kuna giza la ukungu. Nikawasha moto. Nikakaa. Hakuna sauti kokote, ila maji ya mfereji.

Nikachukua sufuria ya ugali na mwiko, nikatoka hadi uani kwa kanga na soksi. Nikagonga. Mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakubwa. Kimya. Nikagonga tena, kwa nguvu.

Nikasubiri. Miguu iliganda.

Ng'ambo ya masale, mtu akagonga debe.