Papa, Bastola Yako Haikuwa Tupu

Papa,

Sikuandikii kwa upendo. Nianze hapo, usije ukajidanganya huko uliko. Kulia nilimaliza siku ya matanga, mbele ya watu, kwa sababu mutoto wa kwanza asipolia, watu wanasema.

Tangu tukuzike, mudogo wangu Elie amehamia kwenye parcelle yako, katika nyumba ile ile, na muke wake. Mbao za ukuta wa nyuma zilikuwa zimeoza, tumeweka mpya. Kisha tukafungua kabati lako. Chini ya makoti ya kanisani tuliikuta imeviringishwa katika kitambaa: bastola ya babu, ile aliyoachiwa na mzungu wa mashamba ya kahawa kule Kalengera. Sisi ulitukataza kuigusa. Wewe uliiweka mezani kila ulipomkasirikia mama. "Munaogopa nini? Ni chuma tu. Haina risasi."

Nyundo yake, kile chuma cha nyuma kinachopiga risasi, ilikuwa imekwama katikati, haiendi mbele wala nyuma. Elie alitaka kuimwagia mafuta, aigonge kidogo, avute. Nilimshika mukono.

"Papa alisema ni tupu," akaniambia.

"Papa alisema mambo mengi."

Kuipeleka kwa wakubwa hatukuthubutu. Katika mji huu siku hizi, ukikutwa na silaha, hakuna anayengoja umalize kueleza. Tuliiacha palepale kabatini, nikaenda kwa Muzee Bahati wa barabara ya juu, aliyetengeneza bunduki za walinzi wa wanyama kule Rumangabo mpaka akazeeka. Nilimwomba aje.

Ungemwona, Papa. Mutu mupole, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwambia ulivyotuambia, kwamba ni tupu. Hata hakunitazama. "Bunduki yote iko na risasi mpaka nione kwa macho yangu." Aliwatuma watoto na muke wa Elie kwa jirani. Akatufanya tupange mifuko ya mchanga chumbani mwako, mbele ya ukuta wa mawe, akailaza bastola mudomo ukiangalia mchanga, na hapo haukugeuzwa tena. Kidole chake hakikukaribia mahali pa kufyatulia. Akakata kipande cha mpira wa tairi, akakikaza mbele ya nyundo, ili hata ikiachia isipige kitu. Kisha akadondosha mafuta, tone kwa tone.

Elie akamuuliza kama tusiipashe moto, ilegee upesi. Muzee akavua miwani. "Unataka kuzikwa karibu na baba yako?"

Siku tatu alikuja asubuhi, akadondosha mafuta, akajaribu kwa vidole viwili, akafunga chumba na kuondoka na ufunguo. "Kitu kama hiki haukilazimishi. Unakingojea." Siku ya nne skurubu zikakubali. Akautoa mzinga mdogo wa kuwekea risasi, akauinamisha juu ya kitambaa.

Risasi mbili, Papa.

Aliziangalia kwa muda mrefu. Kisha akaniita, mimi peke yangu. Moja ilikuwa na alama kwenye kitako, kishimo kidogo. "Hii ilipigwa, ikakataa kulipuka. Kisha mutu akavuta nyundo tena apate ya pili, ikakwamia hapa." Akairudisha risasi kwenye kitambaa. "Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa mulangoni na sufuria ya maharagwe. Mama alikuwa ameegemea ukuta. Nilisikia kitu kikilia *tik*, nikakuona unapambana na hicho chuma kwa kidole gumba, halafu ukaniona mimi. Ukacheka. "Tunacheza tu na mama yako." Nami nilicheka, kwa sababu ulikuwa unacheka.

Asubuhi yake mama hakuwepo. Ulituambia amefuata mwanaume mufanyabiashara huko Butembo, ametutupa kama maganda. Nilikuamini miaka yote hiyo. Alirudi mara mbili kutuchukua. Mara ya pili nilikuwa na miaka kumi na mbili, na mimi ndiye niliyemufungia mulango. Alikuwa analiita jina langu. Ulisimama nyuma yangu, ukaniwekea mukono begani, ukaniambia, "Wewe ni mutoto wangu kweli."

Mukono huo, Papa. Ule ule.

Nilimupigia mama simu. Nilimwambia tulichokuta, nikangoja anitukane. Ilikuwa haki yake. Aliuliza tu, "Imetoka salama? Hakuna aliyeumia?" Kisha akasema, "Nilijua ilikuwa na risasi. Nilikuona umesimama na sufuria. Nikajiambia, nikibaki, siku moja mutoto huyu atasimama katikati."

Basi. Hakuna mufanyabiashara. Hajawahi kuwepo. Mama anaishi peke yake, anashona nguo za wanafunzi.

Muzee Bahati aliikata bastola vipandevipande kwa msumeno, mbele yetu. Risasi alizibeba mwenyewe akaziharibu kwa njia anayoijua. Elie alilia kama mutoto. Mimi sikulia.

Nakuaga sasa. Sikuombei mabaya, lakini usingoje maua kutoka kwangu. Wiki ijayo mama anafika hapa Goma, nami nitamufungulia mulango kwa mikono yangu mwenyewe. Na hii ndiyo ahadi ninayokupa: watoto wangu watajua jina lako, na watajua ulichofanya. Sitawaficha hata kimoja.

Binti yako,
Furaha