Akaunti ya Pili Yenye Jina Lako

Mtaa wa Sofia, Homa Bay
Jumatatu, 9 Juni 2025

Mpendwa dada Lynnet,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Minneapolis? Mgongo uliokuwa ukikusumbua baada ya zamu umepoa? Watoto je, wamefunga shule? Sisi ni wazima. Mahindi ya nyumbani yamesimama vizuri mwaka huu. Mama sasa anatembea kwa mkongojo mmoja. Ule wa pili ameufanya kigingi cha mbuzi, na daktari hajaambiwa.

Utashangaa kupokea karatasi. Anayekuletea ni Hibo, binti wa Mahmud mwenye duka la vitambaa pale Migori, anayerudi kwake huko Minneapolis. Nimemwomba akukabidhi mkononi, akiuona uso wako. Kwa nini sikupiga simu wala kukuandikia mtandaoni, utaelewa mbele.

Nianze na unayoyajua, ili tusipotezane. Nina akaunti tatu kwenye ule mtandao usio na mwenyewe mmoja, ambao kila seva ina mtunzaji wake na zote hupelekeana habari. Ya kwanza ina jina langu na picha yangu. Ya pili ni ya mpira na mizaha ya ukoo. Ya tatu ni Mpiga Kasia, asiye na uso, anayekaa kwenye seva ya Elkanah, yule fundi wa kompyuta mwenye chumba nyuma ya duka la Mahmud. Mpiga Kasia ana simu yake peke yake. Hawafuati watu ninaowafuata mimi, haandiki saa ninazoandika mimi, na mpira haujui. Kwa miaka mitatu hakuna aliyetuona tumesimama pamoja.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilikuambia wewe. Hapakuwa na haja yoyote ya kazi. Nilitaka tu mtu mmoja wa damu ajue kazi ile ni yangu.

Tarehe 3 Machi Mpiga Kasia alitoa picha za mashimo ufuoni, ng'ambo ya Kendu Bay, ambamo kampuni moja yenye vizimba vya samaki ilikuwa imefukia ngege waliokufa, hatua arobaini kutoka mahali watu wanapochota maji. Kampuni ilikuwa imesema hakuna samaki aliyekufa. Picha nilipewa na rafiki anayefanya kazi mle ndani. Utaona simtaji jina. Sitamtaja popote katika barua hii.

Siku ile ile, mbele ya watu wote, ukamwandikia Mpiga Kasia: "Hongera, wuod nyar Kanyamwa." Najua ulivyolelewa. Kwetu mtu akifanya vizuri hutajwa kwa ukoo wa mamaye, mwana wa binti wa Kanyamwa, na wewe, dada yangu kwa baba, ambaye mama aliyekuzaa ni Mkuria wa Isebania, ulijifunza hilo kwa nyanya yetu kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake. Ilikuwa heshima. Lakini waandishi wa Homa Bay ambao mama zao wanatoka Kanyamwa tuko wawili, na mwenzangu anaandika habari za ndondi.

Ulifuta baada ya dakika arobaini, nilipokupigia. Nikamuuliza Elkanah kama imekwisha.

"Omera, kufuta ni kuomba tu," akaniambia. "Unaomba seva zingine zifute. Kuna zenye zinaskia, na kuna zenye ni kama mama mkwe."

Aliipata kwenye seva mbili, na bado iko.

Katikati ya Aprili msimamizi wa vizimba, mtu anayeitwa Angwenyi, aliwapanga wafanyakazi mstari asubuhi na kuwauliza nani anamjua mwandishi fulani wa Homa Bay. Akanitaja jina. Mtu mmoja akamjibu, "Bosi, sisi tunajua samaki. Mwandishi anauzwa kilo ngapi?" Mstari wote ukacheka. Angwenyi hakucheka. Sitakuambia kama aliyejibu ndiye rafiki yangu.

Sasa nifike kwa lililonifanya nichukue kalamu. Tarehe 19 Mei nilipata ujumbe wa faragha kutoka kwako. Jina lako, picha yako ya lile koti jekundu, salamu kwa Kiswahili chetu cha kuchanganya, hata ile "eti" unayoanzia kila sentensi. Ila baada ya jina, seva si ile yako ya siku zote. Uliniambia umehama kwa sababu mtunzaji wa kule ni mvivu. Ni jambo la kawaida. Watu huhama kila wiki. Lakini anayehama huacha tangazo kwenye akaunti ya zamani, likionyesha alikokwenda. Yako ya zamani haina tangazo. Bado inaandika mambo ya hali ya hewa na bei ya mayai.

Swali la tatu la akaunti hiyo mpya lilikuwa: yule rafiki anayekupa picha, yuko salama?

Huenda ni mtu amekopa sura yako. Si kazi ngumu. Koti jekundu limo mtandaoni kwa yeyote. Lakini akaunti hiyo iliniuliza pia goti la Mama linaendeleaje baada ya kupasuliwa. Goti hilo sikuliandika popote, kwa jina lolote. Nimepitia kila ulichoandika wewe hadharani na sikulikuta. Waliojua ni sisi wa nyumbani na wewe. Basi ama uliliandika mahali nisipopaona, ama ulimwambia mtu, ama ni wewe.

Sikuuliza. Nilifanya kama tunavyofanya kazini. Niliiambia akaunti hiyo, nayo peke yake, kwamba rafiki yangu angeniletea picha zaidi Jumamosi, tarehe 7 Juni, saa nne asubuhi, pale Rodi Kopany, karibu na mashine ya kusaga. Sikumwambia mke wangu wala Elkanah. Rafiki mwenyewe siku hiyo alikuwa mbali, mbele ya watu wengi.

Juzi, Jumamosi, niliketi hotelini ng'ambo ya barabara nikaagiza chai. Saa nne kasorobo Angwenyi alishuka kwenye gari na dereva wake. Wakanunua mahindi ya kuchoma, wakasimama. Saa sita bado wamesimama. Mama wa mahindi akamwambia, "Baba, karibia tu. Hiyo mashine inasaga unga, haisagi watu." Waliondoka saa saba kasorobo.

Kwa hiyo, jambo moja nina hakika nalo: nilichoandikia jina lako kilimfikia Angwenyi. Kilipitia kwa nani, sijui.

Ninakuomba mambo mawili. Akaunti hiyo ya pili usiiripoti wala usiiguse. Nataka iendelee kudhani ninaiamini. Na Jumapili ya tarehe 22, saa kumi jioni ya huku, mpigie Mama. Si mimi. Kama akaunti ile si yako, na goti hukulitaja kwa yeyote, muulize Mama kuhusu mbuzi. Kama ulilitaja, hata kwa mtu mwema, omba kuongea nami uniambie ni nani. Kama ni yako, niambie hivyo hivyo. Sitapandisha sauti.

Unaweza kunidanganya. Lakini nitakuwa nimekaa pembeni, spika ikiwa wazi, na kwa miaka ishirini na sita nimelipwa kusikiliza watu wanavyonyamaza kabla ya kujibu. Mama naye hajui lolote, ila anakusikiliza tangu hujaota meno.

Kama ni wewe, basi barua hii imekupa kila nilicho nacho isipokuwa jina. Nimelipima hilo kabla ya kuifunga. Nimeona heri nikose kwa kukuuliza kuliko kwa kukunyamazia.

Rafiki yangu bado anaingia kazini kila asubuhi, kwa sababu akiacha sasa atakuwa amejitaja. Jana aliniuliza, "Huyo dada yako ni mtu wa aina gani?" Nikamjibu kwamba nitamwambia Jumapili ya tarehe 22.

Nisalimie mumeo James na watoto. Risper wa shangazi anauliza kama viatu vilitosha. Omondi wetu amepata kazi Awendo, anapima malori ya miwa, na sasa anaongea kama meneja. Mungu akulinde barabarani, na awafunike walio chini ya paa lako.

Ukimpigia Mama, mwite nyar Kanyamwa kama siku zote. Kwenye simu jina hilo halimuumizi mtu.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda leo kama jana, ninayengoja simu,

Obura