Mdomo wa Tumbo

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako ya asubuhi ndiyo ninayoikosa kuliko vyote. Naamka, nafagia uwanja, nawasha jiko, na hakuna wa kuniamkia. Wiki ya tatu sasa hujapiga simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Unajua mimi na kalamu. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, kwa hiyo penye kosa nisamehe, usome hivyo hivyo.

Nakumbuka siku ya kukusindikiza ukienda Kuba. Tulikubaliana niishie stendi. Basi lilipowashwa nikapanda na mimi, nikamwambia kondakta nashuka Mikese. Ukaniuliza, "Mama, Mikese una nani?" Sikuwa na mtu. Tukakaa begi lako likiwa mapajani kwetu, ukanifundisha kuhesabu Kihispania mpaka kumi, nami nikawa nakosea saba makusudi ili uanze upya. Pale Mikese nikashuka, nikanunua hindi la kuchoma, nikarudi nalo mpaka nyumbani Kilakala bila kulionja.

Wakati ule Kuba nilikuwa siijui iko wapi. Ulipopata nafasi ya kwenda kusomea udaktari ukanieleza kwamba mwaka mzima wa kwanza chuoni ni lugha tu, maana huko mgonjwa hasemi Kiswahili wala Kiingereza, na daktari asiyeelewa mgonjwa anasema nini hawezi kumtibu. Ukaanza kujifundisha humu ndani. Ukabandika vikaratasi nyumba nzima. Kwenye ndoo ya maji, agua. Mlangoni, puerta. Mpaka kiwiko changu ulikibandika nikiwa namenya njegere, nikaenda hivyo sokoni, mteja mmoja akaniuliza kama hiyo ndiyo bei.

Sasa nije kwenye lile jambo. Siku ile ulipopiga, huku ilikuwa saa kumi jioni, ulikuwa unalia. Ukaniambia waliwapeleka wodini kusikiliza wagonjwa wanavyoongea, bibi mmoja akasema anaumwa boca ya sijui nini. Wewe ukashika boca, mdomo. Ukamwambia aachame, ukammulika na tochi mpaka kooni. Kumbe wao wakisema mdomo wa tumbo ni hapa chini ya kifua. Wenzako wakacheka mpaka mwalimu akawatoa nje. Na mimi, Rehema, nikacheka. Kicheko kilinitoka kabla sijakishika. Ukaniuliza, "Mama, nirudi nyumbani?"

Nikakwambia chaji inaisha, nikakata.

Chaji ilikuwepo.

Tangu hapo namkumbuka sana bibi yako. Ulikuwa na miaka tisa aliposhuka kutoka mlimani akiwa anaumwa. Tulimpeleka zahanati, tukamkuta daktari mgeni, Mzungu, na nesi wa kumtafsiria. Bibi akasema anaumwa chembe cha moyo. Nesi Kiingereza kikamkwama, akasema moyo tu. Basi daktari akaanza kumpima moyo, mbele na nyuma, uso umembadilika. Wewe ndiye uliyemvuta nesi gauni ukamwambia siyo moyo, ni hapa chini, panapouma mtu akila pilipili nyingi. Watu kwenye benchi wakaanza kumcheka daktari. Bibi akawakatiza. "Mwacheni mgeni wa watu," akasema. "Pengine kwao hapo hapana jina."

Mama yangu hakuwahi kushika daftari, lakini alimsitiri mtu asiyemjua. Mimi nimekucheka wewe, niliyekuzaa, uliye mgeni katika nchi ya watu. Nisamehe, mwanangu. Na yule bibi wa huko, hicho alichokwambia ndicho chembe cha moyo chetu, pale pale. Wewe mahali hapo unapajua tangu una miaka tisa. Ulichokosa ni jina tu.

Huku nyumbani bado napima mchele wa watu wawili, kiporo wanakula kuku. Ukungu ukishuka Uluguru asubuhi naanza kuwaza kama una sweta, halafu nakumbuka uliniambia huko ni joto. Jirani yetu Mama Aneti akiniuliza daktari hajambo, namwambia alipiga jana. Vile vikaratasi sijabandua hata kimoja. Nikichota maji nasema agua, kwa sauti, na hakuna wa kunisahihisha.

Nataka ujue kwa nini nilikata. Sikuchukia, wala sikukuonea aibu. Ni kwamba neno "rudi" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ningelisema, ungefunga begi siku hiyo hiyo, nakujua. Na mimi ningefurahi, Rehema. Ningefurahi sana, ningekuchinjia kuku, na wewe ungekaa hapa barazani ukimenya njegere na mimi mpaka uzeeke. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Mama Aneti ameniambia atapiga picha karatasi hii akutumie. Ukiipata nipigie, hata kama ni kulia tu, nitakusikiliza mpaka umalize. Uliniuliza na sikukujibu, kwa hiyo jibu ni hili: usirudi. Ukiivuta picha karibu utaona hiyo "usi" imebanwa, herufi zake ndogo kuliko nyingine. Niliiongeza leo asubuhi.

Baki salama,

Mama yako.