Mlango wa Pili wa Duara la Babu

Lushoto, 3 Machi 2025

Shikamoo Baba,

Mimi na Mama tu wazima, hofu ni kwako uliyefuata dhahabu ya Babu huko porini kusiko na mtandao. Uliniomba mchoro wa duara lake, lile shimo alilochimbia dhahabu, ulio kwenye daftari lake. Ukurasa umeliwa na mchwa hapa na pale, lakini nilikuwa nimeshauchora upya kwenye kompyuta kwa kazi yangu: zile ramani za mapango ambazo wateja wa ng'ambo huchapisha na kuzitandika mezani, wakacheza kama wamo ndani wanapigana na mazimwi. Nakutumia hiyo, inasomeka vizuri.

Mwanao,
Esteria

Milimani juu ya Muheza, 11 Machi

Marahaba mwanangu,

Mimi mzima, mgongo tu. Ramani ameileta Benjamini wa bodaboda. Mwenzangu Timotheo ameibandika bandani, kila anayepita anaonyeshwa. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mjukuu naye! Kumbe Babu yako alitoboa mlango wa pili wa kutokea kijitoni, asituambie, msiri yule. Nilikuwa nakiogopa chumba cha chini, maana matimba yanayoshikilia dari ya njia kuu yameoza. Sasa siogopi. Tunaingia Jumatatu.

Baba yako

Lushoto, 15 Machi

Shikamoo Baba,

Usiingie! Mlango wa pili haupo. Niliubuni mimi. Wateja hulalamika pango likiwa na njia moja, mchezo wao unaisha mapema, basi nikaongeza ile ya kijitoni, nikasahau kabisa. Nimelifungua daftari tena: pale Babu alichora mwamba mtupu. Benjamini hapokei simu tangu jana, kwa hiyo barua hii inashuka na basi la kwanza, aikute Muheza. Ibandueni hiyo karatasi, muichome. Baba, nijibu hata neno moja. Naogopa mno.

Mwanao,
Esteria

Milimani, 15 Machi, asubuhi

Mwanangu Esteria,

Hujambo? Naandika haraka, Benjamini anashuka sasa hivi, simu yake imeharibika. Mvua zimeanza. Tukingoja Jumatatu chumba cha chini kitajaa maji, kwa hiyo tunaingia leo. Timotheo alitaka kwanza tukate miti tubadilishe matimba, kazi ya siku mbili. Nikamwambia, ya nini kujichosha? Yakianguka tutatokea nyuma. Mimi natangulia, yeye anafuata na taa. Msalimie mama yako, mwambie Jumapili ijayo nakuja kula makande.

Baba yako